Kisa cha Phanibhushan na Bindu Aliyekwama Kwenye Figo

Enyi wana wa Krishnanagar, na enyi mlio mbali msioijua hata njia ya kufika kwetu, epueni sufuria, punguzeni redio, mwenye tambuu mdomoni na ateme, mwenye kusinzia na afinywe, kisha sogeeni mnisikilize. Kwa maana leo siimbi habari za wafalme waliotwaa miji, wala za majemedari waliovuka mito juu ya migongo ya tembo, hao wameimbwa mpaka wamechakaa. Naimba habari za mzee mmoja mwenye goti bovu, ambaye siku ya Mama Saraswati, mungu wetu wa elimu, siku ambayo jicho la mwanadamu halina ruhusa ya kugusa herufi, aliusimamisha mtaa mzima mbele ya sanamu ili kitabu cha watoto kisomwe mpaka ukurasa wa mwisho.

Mzee huyo ni Phanibhushan Lahiri, mume wangu. Kwetu sisi wake wa zamani, mke halitamki jina la mumewe, na mimi tangu niolewe sijalitamka. Lakini kuandika si kutamka, na kalamu yangu haijaolewa na mtu.

Sikieni basi nasaba yake na sifa zake. Huyu ndiye Phanibhushan mwana wa Indubhushan, simba wa dirisha la stempu, aliyekaa nyuma ya nondo za posta mpaka nywele zikamuaga moja moja. Mshindi wa foleni, mwenye sauti ya radi na kifua cha kuku wa kienyeji. Asiyemwogopa mkaguzi, ila mjusi akianguka darini huyu hupanda kitandani na viatu. Aliyeishi nyumba moja na sukari miaka yote hii na hadi leo hajui inakaa kopo gani. Huyo ndiye shujaa wetu. Mwingine hatukuwa naye.

Na chanzo cha vita kilikuwa hiki. Kunazi zilipoanza kuiva, mjukuu wetu Titir, ambaye wazazi wake wako kazini Kolkata na sisi ndio tunaomlea, aliota tetekuwanga mwili mzima, akafungiwa chumba cha juu chenye dirisha la kuangalia uchochoroni, chini ya chandarua, na majani ya mwarobaini kando ya mto. Mwalimu wake akamletea kitabu, akakiweka kizingitini, akagonga mlango, akakimbia, kwa kuwa yeye hajawahi kuugua tetekuwanga.

Kilikuwa kitabu cha picha, kinachoeleza hiyo wanayoiita nanoteknolojia, yaani ufundi wa vitu vidogo kupita kiasi. Kilieleza kitambaa kisichoshika doa, kama jani la yungiyungi lisivyoshika maji. Kilisema ukiuchukua unywele mmoja, unene wake ukaupasua vipande elfu themanini, kipande kimoja ndicho nanomita. Nami nikakitazama kichwa cha mume wangu nikaona utafiti huo hauwezi kufanyika nyumbani kwetu. Lakini zaidi ya yote kilieleza habari za Bindu. Bindu ni merikebu ndogo kuliko vumbi, iliyoundwa na madaktari, ikapakiwa dawa, ikatiwa ndani ya damu ya mtoto mgonjwa, isafiri hadi kwenye figo, ambako wadudu wa maradhi wamejenga kambi.

Siku ya kwanza Phanibhushan alikicheka. Siku ya pili alikisoma kwa sauti mbili, ya Bindu na ya wadudu. Siku ya tatu chai ilipoa mkononi mwake, na mimi nilipomwita kula alisema, "Subiri, tuko kwenye moyo."

Ikaja jioni ya mkesha wa sikukuu. Mnajua desturi: kila nyumba huchagua kitabu cha somo gumu kuliko yote, hukipeleka kikalale miguuni pa Mama Saraswati, naye Mama hukilainisha kwa ajili ya bongo zetu. Kikishawekwa hakiinuliwi mpaka siku inayofuata sikukuu, baada ya sadaka ya mtindi na pepeta. Na siku yote ya sikukuu hakuna anayesoma wala kuandika, hata karatasi iliyofungia karanga haitazamwi upande wenye maandishi. Watoto wa mtaa walipeleka hesabu. Na Phanibhushan, ambaye usiku wa jana yake alikuwa amefika mahali Bindu amezibwa na bonge la mafuta kwenye kona ya figo, na madaktari huku nje wanaleta sumaku, akawa haelewi sumaku inaingiaje. Basi alichukua kitabu kilekile, kwa mikono yake miwili, akakipeleka bandani kilainike. Hakukumbuka kwamba hajakimaliza. Ndivyo shujaa alivyojifungia lango la mji kwa nje, na yeye yuko nje.

Asubuhi homa ya Titir ilipanda. Paji lake lilikuwa la kuchemshia chai. Daktari alikuwa ameacha dawa ya maji, akasema homa ikipanda apewe bila kuchelewa. Nikamimina kijikoni.

"Sinywi," akasema Titir.

"Kwa nini, mama?"

"Dadu aseme kwanza. Dadu, Bindu alitoka?"

"Atatoka tu," akasema babu yake.

"Atatoka siyo ametoka. Njia imeziba. Nikimeza dawa saa hizi itapita wapi?"

"Ile ni damu ya kitabuni!"

"Damu ni damu," akasema Titir, akafumba mdomo, akageukia ukutani.

Niliziba pua yake, akapumulia meno. Nilimbembeleza kwa peremende. Akaitia peremende shavuni na dawa akaitema kwenye sari yangu mpya ya njano niliyoivaa kwa ajili ya Mama. Hapo nikajua vita si vya mchezo. Mtoto alikuwa anawaka, macho yamekuwa mekundu kama maua ya palashi, na kitu kimoja tu duniani kingefungua koo lile.

Ndipo Phanibhushan akapiga hodi kwenye ngome kwa silaha ya kwanza, nayo ni uongo. Akakaa kitandani, akakohoa kikohozi cha kihistoria, akasema:

"Haya, nisikilize, nimekumbuka mwisho wake. Bindu, shujaa wa mashujaa, alilitazama lile bonge la mafuta akacheka kwa dharau. Akafungua sanduku lake, akatoa shingara tatu, zile sambusa za viazi, akala, akapata nguvu..."

"Dadu."

"Naam."

"Bindu hana mdomo."

"Hana?"

"Umesoma mwenyewe. Ana mkia na mlango. Umetunga." Akalia, na kilio cha mtoto mwenye homa ni chembamba, hakina nguvu, hicho ndicho kinachokata.

Phanibhushan akasimama. Akafunga vizuri msuli wake, akachukua mwavuli ingawa jua lilikuwa kali, akashuka ngazi, goti likilia kwa kila daraja kama ngoma ya vita, akavuka uchochoro mpaka banda la mianzi na vitambaa lililojengwa mkabala na dirisha letu, ambako Mama Saraswati alikaa juu ya batamaji wake mweupe, kinanda mkononi, na miguuni pake mlima wa vitabu. Na mbele ya mlima huo, juu ya kigoda, alikuwa ameketi mlinzi.

Mlinzi huyo ni Khantamoni, dada mkubwa wa Phanibhushan, mjane, mwenye sari nyeupe na ulimi wenye makali pande zote. Kamati ya mtaa ina mwenyekiti na katibu, na wote wawili wakimwona Khantamoni wanazima sigara.

"Ewe Didi," akaanza Phanibhushan, "ewe nguzo ya ukoo wa Lahiri, ewe bahari ya huruma, mimi mdogo wako niliyebebwa mgongoni mwako nimekuja na ombi dogo kuliko nanomita..."

"Umelewa asubuhi yote hii?"

"Nakitaka kitabu cha Titir."

"Toa mkono kwenye miguu ya Mama. Ulikileta mwenyewe jana. Nikakuuliza, Phani, mmekimaliza? Ukasema ndiyo, Didi, tumekimaliza. Au nimeota?"

"Nilidhani..."

"Ulidhani! Baba alidhani utakuwa wakili."

"Didi, mtoto hanywi dawa bila kujua mwisho."

Uso wa Khantamoni ulibadilika kidogo. Sisemi uongo, nilikuwa nimesimama mlangoni nikiona. Yule ni mtoto wake pia. Tangu alfajiri alikuwa amefunga, hata maji hajanywa, na nusu ya mfungo ule alikuwa amemwekea Titir.

"Unadhani siumii?" akasema. "Lakini sheria ya Mama si ndala, ya kuvaa ukitoka na kuvua ukiingia. Akisomewa leo, Mama atakasirika, na homa ndiyo itazidi. Mpe dawa kwa nguvu."

"Tumejaribu. Anatema kama bomba la mtaa. Basi niache nitafute kwenye simu, nisome mistari miwili tu."

"Herufi ni herufi, hata zikiwaka taa. Weka simu hiyo chini nisije nikaitoa sadaka."

Hivyo Phanibhushan akarudi nyumbani ameshindwa mara ya pili, mwavuli ukiburuza ncha nyuma yake, akakaa kwenye ngazi, kichwa mikononi. Juu mtoto alikuwa amenyamaza, na mimi kimya kile sikukipenda hata kidogo.

Mimi nilikuwa nakata popoo. Sikumtazama. Nilisema tu, kama mtu anayezungumza na kisu, "Na yule kuhani, Haradhan, leo atafanya nini akifika?"

"Atafanya ibada, atafanya nini kingine."

"Kwa kichwa?"

"Haradhan? Haradhan hakumbuki hata jina la mama mkwe wake. Anasoma kitabuni..."

Nikaendelea kukata popoo. Polepole, kama jua linavyopanda nyuma ya kiwanda cha matofali, kichwa cha Phanibhushan kikatoka mikononi mwake.

Sasa enyi wasikilizaji, kumpata kuhani siku ya Saraswati ni vita ndani ya vita. Kila nyumba inamtaka, kila shule, kila klabu ya vijana, nao makuhani ni wachache. Huvutwa, hunyakuliwa barabarani, hupakiwa kwenye pikipiki mguu mmoja ukiwa bado chini. Haradhan Chakrabarti alifikishwa mtaani kwetu akiwa katikati ya vijana wawili juu ya kiti kimoja, kitabu cha mantra, maneno ya ibada ya lugha ya kale, kwapani, anaapa kwamba hajatia kitu tumboni tangu jana. Kabla hajamaliza kuosha miguu, Phanibhushan alikwisha kumbana nyuma ya banda, kati ya ndoo za dengu na mtungi wa gesi.

"Thakur, leo utatusomea pia kurasa nne za kitabu kingine. Leo mtaani kwetu ni wewe peke yako mwenye ruhusa ya kusoma."

Haradhan alipoelezwa alishika kichwa. "Phani-babu, kile ni kitabu cha watoto! Nimekiona pale. Kina picha ya mdudu anacheka."

"Si mdudu, ni bakteria."

"Ndiyo mbaya zaidi!"

"Ewe Thakur," akanguruma Phanibhushan kwa sauti iliyokuwa ikiwatetemesha wanunuzi wa stempu, "ni nani aliyemwekea Mama mpaka? Ni nani aliyesema elimu yake iliishia siku za babu zetu? Aliyewapa wanadamu akili ya kupima nyota hakuwanyima akili ya kupima vumbi, na merikebu itembeayo damuni ni mtoto wake kama vile..."

"Nina nyumba nyingine za kwenda mpaka jua lizame. Hapana."

"Mtoto wangu anawaka homa, Haradhan."

"Pole sana. Namwombea. Hapana."

Ndipo Phanibhushan akainama, akashusha sauti, akachomoa upanga aliouficha mwaka mzima.

"Mwaka jana kwa haraka yako ulikosea ukurasa. Ulisoma mantra za ndoa."

"Nani kasema?"

"Mimi nilisimama mbele. Uliwaozesha darasa la tano lote, wavulana kwa wasichana, mbele ya Mama na mbele ya wazazi wao. Sijasema kwa mtu. Khantamoni hajui."

Haradhan aliangalia kushoto, akaangalia kulia. "Punguza sauti, baba," akanong'ona. "Kurasa nne. Na nitaziimba. Zikiimbwa hakuna anayesikiliza maneno."

Basi ikawadia saa ya kutoa maua. Mtaa wote ulisimama bandani, wake kwa waume, njano tupu kama shamba la haradali, matumbo matupu, viganja vimejaa maua, macho yamefumbwa. Haradhan aliketi mbele ya kipaza sauti. Akageuka kwa Khantamoni. "Didi, nipe kile kitabu cha jalada la bluu."

"Cha nini?"

"Ibada inakitaka."

Khantamoni angeweza kumkatalia ndugu yake, angeweza kumkatalia diwani. Lakini kuhani aliyekwisha kuketi hakataliwi. Akakitoa chini ya mlima, akakigusisha kwenye paji la uso, akakikabidhi. Kisha akafumba macho kama wengine.

Mantra zilikwenda kama kawaida yake, kuhani akisema kipande na umati ukikirudia. Halafu, bila kubadilisha sauti, bila kupumua, Haradhan akaingia damuni.

"Naye Bindu alikuwa amekwama..." akaimba puani.

"Naye Bindu alikuwa amekwama..." ukaitikia mtaa.

"...kwenye kona nyembamba ya figo..."

"...kwenye kona nyembamba ya figo..."

Sauti kubwa kuliko zote ilikuwa ya Khantamoni. Vipaza sauti vilivyofungwa kwenye nguzo za umeme viliyabeba maneno yale hadi kituo cha reli; na kwenye dirisha letu nikamwona Titir ametoka kitandani, amevaa chandarua kama bibi harusi, mikono yake yenye vipele imeshika nondo.

"Daktari akaweka sumaku juu ya ngozi..."

Hapa mwenye duka la viatu alifumbua jicho moja. Mke wa mwenyekiti akamkanyaga mumewe mguu. Khantamoni akafumbua yote mawili. Alimtazama Haradhan, akamtazama ndugu yake, na ndugu yake, simba wa dirisha la stempu, akatazama maua yake kana kwamba hajawahi kuona maua. Lakini dada angefanyaje? Kutoa maua kukishaanza hakukatizwi; anayekatiza ndiye mwenye dhambi. Alirudia kwa meno yaliyoumana.

"Bindu akasikia anavutwa. Akakunja mkia wake..."

"Akakunja mkia wake!" Sasa umati ulikuwa unasikiliza.

"Akalala ubavu. Akapenya kati ya ukuta na bonge la mafuta..."

Haradhan akafika chini ya ukurasa. Akageuza. Akasoma kimya. Banda zima likangoja, mlio wa kipaza sauti ukabaki peke yake hewani.

"Thakur," akasema Khantamoni, na sauti ilimtoka bila ruhusa yake, "usituache kwenye figo!"

"Didi, hapa mbele pana neno."

"Soma!"

Haradhan akashika kichwa cha kipaza sauti kama mtu anayezama. "Akaifikia kambi. Akafungua mlango. Dawa ikamwagika, wadudu wakaanguka makundi kwa makundi..." Umati ulirudia kwa shangwe. "Na kazi yake ilipokwisha..." Umati ukarudia. Haradhan akafumba macho, akamwomba Mama radhi kwa midomo tu, akaimba kwa haraka kuliko siku zote za maisha yake: "...akatoka-nje-kwa-njia-ya-mkojo."

Wanaume watu wazima walitazama vidole vya miguu. Na toka juu, dirishani, ikashuka sauti nyembamba ya mgonjwa:

"Sikusikia! Ametokaje?"

Khantamoni Lahiri, mjane aliyefunga, mlinzi wa sheria, aliinua uso kwa yule mtoto. Akavuta pumzi. "Kwa mkojo!" akapaza. Na mtaa wote, mwenyekiti na katibu na mwenye duka la viatu, ukaitikia kwa sauti moja mbele ya sanamu, "Kwa mkojo!", maua yakarushwa kwa mara moja, njano tupu, yakamfunika Mama mpaka magotini, na ikawa ndiyo ibada iliyosikilizwa kuliko zote tangu uchochoro wetu uchimbwe mtaro.

Nilikuwa tayari nimepanda ngazi na kijiko mkononi. Titir alifungua mdomo mwenyewe. "Njia iko wazi," akasema, akameza, akauliza kama kuna nyingine.

Watu walikaa kula khichuri, wali uliopikwa na dengu, pale bandani, na hakuna aliyeondoka. Walisema wanapumzika; uongo, walikuwa wanasubiri. Phanibhushan alikuwa kwenye ngazi za mlango wetu, hajala, masikio juu. Khantamoni alikuja akakaa karibu naye. Alimwekea sahani mapajani, bilingani ya kukaanga juu yake, akabaki hapohapo.

Na jua lilipoanza kuelekea upande wa mto, mtoto akatoka jasho. Nikamgusa paji, lilikuwa la mtu. Akajinyoosha, akasogea dirishani, akaita kwa sauti ambayo haikuhitaji umeme:

"Dadu! Nataka kukojoa!"

Oo, nani atanipa wino wa kutosha! Phanibhushan mwana wa Indubhushan aliruka, goti na yote, sahani ikaenda na bilingani yake, akasimama katikati ya uchochoro, mikono juu, machozi yakimshuka kwenye kidevu alichosahau kunyoa, akatangaza ushindi kwa pande nne za dunia: "Anatoka! Bindu anatoka!" Khantamoni akapiga vigelegele. Wanawake wote wa banda wakavipokea, nyumba kwa nyumba mpaka sokoni. Magunda yakapulizwa, kengele ya ibada ikagongwa na mtu asiye na ruhusa ya kuigonga, na abiria wa treni ya jioni walichungulia madirishani wakiuliza ni nani amezaliwa. Na katikati ya fahari hiyo yote, mjukuu wetu akashuka ngazi polepole, amejitanda shuka, akapita mbele ya taifa lililosimama kumpisha, akaingia chooni, akafunga mlango.